Mchina Aliyetugombanisha

Mume wangu alikufa tukiwa tumegombana, na aliyetugombanisha ni mzee mmoja wa Kichina, mtengenezaji wa filamu, ambaye hajawahi kusikia kwamba duniani kuna mji unaoitwa Uvira.

Wenzangu kazini, katika nyumba ya wazee kule Ganshoren, Brussels, walicheka nilipowaambia. Wanawake wengine hugombana na waume zao kwa sababu ya pombe, au kwa sababu ya ndugu anayekuja kukaa wiki mbili akakaa miaka miwili. Sisi tuligombana kwa sababu ya filamu. Niliendelea kukunja mashuka.

Lazima nianze Uvira, mji wetu kule Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, la sivyo mambo hayataeleweka. Mtaani kwetu kulikuwa na ukumbi wa video: mbao, mabati, televisheni moja juu ya meza, na mashine ya umeme ikinguruma nyuma ya ukuta. Mume wangu, kabla hajawa mume wangu, alikuwa mfasiri wa ukumbi huo. Alikaa pembeni ya televisheni na maikrofoni mkononi, akatuambia kwa Kiswahili chetu watu wale wanasema nini. Kichina hakukijua. Kiingereza hakukijua. Kifaransa alikuwa nacho kile cha shule ya msingi tu. Kazi yake ilikuwa kutazama midomo. Mtu akisema kirefu, naye alisema kirefu. Mtu akilia, sauti yake ilikatika. Watu hawakuuliza leo kuna filamu gani. Waliuliza kama yeye yupo.

Siku moja mwenye ukumbi alikwenda Bujumbura kununua kanda za mapigano. Katika mzigo aliorudi nao kulikuwa na kanda moja yenye picha ya mtu aliyeshika mti mrefu begani. Aliamini kwamba ule mti ni silaha. Kumbe ulikuwa mti wa kubebea ndoo mbili za maji, moja mbele, moja nyuma, na katika filamu nzima haukumgusa mtu yeyote. Ilikuwa filamu ya kwanza ya yule mzee, wakati huo akiwa bado kijana. Mimi nilikuwa nauza mikate mlangoni, nikasikia watu wanapiga kelele: "Bapige basi! Huyu mwanamuke anabeba maji mpaka lini?" Wengine walianza kutoka. Nikaingia nione kuna nini.

Mwanamke mmoja wa kijiji cha milimani, mume wake amechukuliwa kwenda kuchimba njia ya treni ndani ya mlima. Kila siku anambebea maji hadi kwenye mdomo wa shimo. Siku moja mlima unaporomoka. Wanawake wenzake wanalia, wanavaa nguo za msiba, wanarudi nyumbani. Yeye anaendelea kubeba maji. Misimu inapita. Mwishoni anakuja mwanamume anayechechemea, ndevu zimemfunika uso, anakaa kizingitini kwake. Wanatazamana kwa muda mrefu sana. Mwanamume anasema maneno machache. Mwanamke anachota maji, anampa, mwanamume anakunywa, filamu inaisha.

Chini ya picha kulikuwa na maandishi, lakini kanda ilikuwa nakala ya nakala, na maandishi yalikatwa katikati, yamebaki vichwa vya herufi tu. Basi mume wangu alitazama mdomo wa yule mwanamume, akashusha sauti, akasema katika maikrofoni: "Mke wangu, njo miye. Nilitobokea ngambo ingine ya mulima."

Mume alikuwa hai, ametokea upande wa pili wa mlima. Ukumbi ulilia. Vijana waliokuwa wamekuja kuona mateke walijifuta macho kwa mashati. Mwenye ukumbi aliirudia filamu ile mpaka kanda ikaanza kuchafuka rangi, na kila mara yule mwanamume alirudi, na kila mara tulilia. Mimi niliolewa na ile sauti. Sioni haya kusema hivyo.

Baadaye vita vilifika mtaani kwetu, ukumbi ukaungua pamoja na nyumba za pande zote mbili, nasi tukapita njia walizopita wengi mpaka tukajikuta Ubelgiji, mtaa wa Evere, ghorofa ya tatu, na watoto wawili. Mume wangu alipata kazi ya kupanga mizigo ghalani. Na katika nchi hii, ambako filamu zina maandishi ya Kifaransa yanayosomeka, alianza kumfuata yule Mchina hatua kwa hatua. Alinunua diski zake katika masoko ya vitu vya zamani. Alikata habari zake magazetini. Alikuwa na daftari, na ndani yake aliandika kila neno la Kifaransa asilolijua lililopita chini ya filamu, na mbele yake maana yake kwa Kiswahili. Ndivyo alivyojifunza lugha. Ofisini kwenye wilaya alisema kama mkulima wa Kichina: "Bwana mheshimiwa, mvua haikunyesha." Watu walimtazama.

Kwa hiyo maisha ya yule mzee nayajua kama ninavyojua ya kaka zangu. Baba yake alikuwa mpishi wa wafanyakazi wa reli. Ujanani alipelekwa kubeba saruji, akawa anachora picha juu ya mifuko mitupu. Aliingia shule ya filamu akiwa amewazidi wenzake umri. Filamu yake ya kwanza wakubwa wa kwao waliifungia kabatini, wageni wakaipa tuzo, na tangu hapo jina lake likatembea. Zikafuata nyingine: ya muuza chumvi, ya mwalimu mwenye mguu mmoja, ya mjane aliyekataa kuhama shamba lake. Zote nilizipenda, sisemi uongo. Kisha akapata watu wa fedha nyingi. Wakaja farasi, wakaja wafalme, na bendera za kujaza bonde zima. Filamu zake hazikufungiwa tena kabatini. Katika picha za magazeti alikaa mstari wa mbele, pamoja na wale wanaoshika funguo za kabati.

Nilivumilia farasi. Nilivumilia wafalme. Halafu ikaja filamu ya jenerali.

Tulikwenda kuitazama mjini Jumapili moja mchana, mimi na yeye, nimevaa vizuri. Ni jenerali anayechoma mji wake mwenyewe, watu wakiwa ndani, ili adui asiupate. Mji unaungua muda mrefu. Wanawake wanaimba bila kuonekana. Majivu yanashuka polepole kama maua ya mti, na jenerali amesimama katikati, chozi moja linamtoka, na upanga wake unang'aa vizuri. Watu ukumbini walishika pumzi kwa uzuri ule. Mimi nimeona nyumba zikiungua. Majivu hayashuki hivyo. Yananata jashoni, yanaingia katika chakula cha mtoto, yananuka godoro na kuku. Nilisimama, nikawakanyaga watu miguu, nikatoka. Nilimngojea mume wangu kwenye kituo cha tramu mpaka miguu ikafa ganzi.

Alikuja macho mekundu.

"Ulitoka penye inaanza kuwa nzuri," akasema.

"Ile filamu niliisha kuiona. Niliiona kwetu, bila muziki."

"Maman, hausikie. Haiko kusifu jenerali. Ni kumutazama."

"Sasa kumutazama vile, si bora kumuoa? Yule mzee amenunuliwa."

"Hakununuliwa. Ni yule yule. Hajabadilika ata kidogo."

"Yule wa ndoo za maji hawezi kuwa yule wa majivu!"

"Nakwambia ni yule yule."

Hayo ndiyo maneno tuliyobishania miaka yote iliyofuata, karibu bila kubadilisha hata moja. Kila filamu mpya ilileta vita vipya mezani. Alipoitengenezea serikali yao sherehe kubwa, watoto kwa maelfu wakienda kushoto na kulia kama majani yanayopigwa na upepo, mume wangu aliniita nije nione. Nilimwambia: "Waulize wale watoto wamekunywa maji saa ngapi." Alizima televisheni, akaenda kulala. Watoto wetu walipokuwa wakubwa walikuwa wakitoka mezani wakisikia tu neno "Mchina".

Kisha akaugua. Tumbo. Hospitali alilala siku nyingi, na siku moja kabla ya kufa, mchana, akili zake zikiwa timamu, alinishika kifundo cha mkono.

"Sema tu kama nilikuwa na haki juu ya yule mzee."

Nilijua ni kitu kidogo. Nilijua mke mwingine angesema ndiyo, akampangusa uso. Lakini sikuwahi kumwambia mume wangu neno nisiloliamini, naye alijua.

"Papa, siwezi," nikasema. "Omba kitu kingine."

Aliachia mkono wangu. Aligeukia ukuta. Kesho yake, saa sita mchana, alikata roho mimi nikiwa ndani ya basi na supu yake mapajani.

Kwetu, upande wa familia ya mume wangu, mjane havuliwi weusi hivi hivi mwaka ukitimia. Kabla dada za mume hawajamvalisha nguo mpya ya rangi, anasimamishwa mbele ya watu na mkubwa wa familia anamuuliza kama amebaki na jambo na marehemu. Anatakiwa kujibu: "Sina neno naye." Akisema hivyo yuko huru. Asiposema, nguo nyeusi inabaki. Sijawahi kumwona mjane asiyesema. Hata wale waliopigwa na waume zao mpaka meno yakang'oka, nimewasikia wakisema.

Mkubwa wa familia ni kaka ya mume wangu, mwenye duka la vyakula vya kwetu kule Saint-Josse na rais wa chama chetu cha watu wa Uvira. Nilikwenda dukani kwake mwezi mmoja kabla ya siku, nikamwambia kwamba yale maneno sitaweza kuyasema, kwa sababu neno lipo. Alikuwa anapanga mihogo. Aliacha.

"Shemeji, ni maneno tatu tu. Sina. Neno. Naye. Ata kasuku anaweza."

"Basi mulete kasuku, mumuvalishe."

"Usinichezee! Watu banatoka Liège, banatoka Namur. Salle ya karamu nimeisha kuikamata. Dada zangu bameshona nguo za kufanana. Na wewe unaniletea mambo ya cinéma?"

"Si ya sinema. Aliniuliza, nikamkatalia, akageuka ukutani. Hilo ni neno."

Mteja mmoja, mama mzito mwenye kikapu cha mchicha, alijifanya anachagua pilipili ili asikie. Shemeji alimtazama, akashusha sauti.

"Basi ongopa kidogo. Mungu anajua wajane."

"Mungu ananijua mimi."

Aliniita jiwe. Aliniita mwanamke aliyemuua ndugu yake kwa ubishi. Niliondoka bila unga niliotaka kununua.

Wiki iliyofuata alinipigia simu, sauti imebadilika kabisa, tamu. Alikuwa ameona bango kwenye kituo cha basi: yule mzee anakuja Brussels. Sinema moja ya mjini ilikuwa inaonyesha kazi zake zote, tangu ya kwanza, na Jumamosi mchana yeye mwenyewe angekuwepo kuzungumza na watu.

"Bon, sikia. Ye njo aliwaletea maneno, ye njo atayamaliza. Tutaenda. Tutamupa kitambaa na photo ya marehemu. Atashika photo, atasema neno nzuri moja, tunapiga picha. Alors utakuwa na sababu gani tena?"

Nilimwambia kwamba Mchina hawezi kuniamulia mambo ya nyumba yangu. Lakini nilikwenda. Nilikuwa na hasira na mtu yule na nilitaka kumwona uso.

Filamu iliyoonyeshwa siku hiyo ilikuwa ile ya kwanza. Nilikuwa sijaiona tangu Uvira. Tulikuwa na diski yake nyumbani, lakini kila nilipoomba tuiweke mume wangu alisema imekwaruzika. Sasa niliketi katika kiti laini, weusi wangu wote mwilini, shemeji pembeni amevaa suti na kifurushi mapajani, na picha ilikuwa safi kiasi kwamba niliona nyufa za miguu ya yule mwanamke. Na maandishi ya Kifaransa yalikuwa wazi.

Alibeba maji. Mlima uliporomoka. Wenzake walilia. Akaja yule mwanamume wa ndevu, akakaa kizingitini, wakatazamana. Nilikuwa tayari nalia, nangoja. Akafungua mdomo, na chini yake pakaandikwa kwamba yeye alikuwa mkubwa wa kazi. Kwamba siku ile mlima ulipoanza kulia watu walitaka kutoka, naye akaamuru shimo lizibwe ili njia ya upande wa pili isiharibike. Kwamba mume wake alikuwa ndani, na walimsikia akigonga kwa siku mbili.

Mwanamke alichota maji akampa.

Kamera ikakaa juu ya uso wa yule mwanamume anapokunywa. Ikakaa, ikakaa. Mwanga mzuri. Chozi moja likamtoka, likaingia katika ndevu. Ni chozi lile lile. Ni jenerali. Nilimtambua kama unavyotambua mtoto katika picha ya mzee. Tangu siku ya kwanza yule mtengenezaji alikuwa anapenda uso wa anayetoa amri, na mwanamke alimweka pale amletee maji. Aliyegonga ndani ya mlima hatukuonyeshwa hata kidole chake.

Taa ziliwaka, watu wakasimama wakipiga makofi. Mimi nilibaki nimekaa. Niliwaza: mume wangu alisema kweli. Ni yule yule. Halafu nikawaza: alijuaje?

Yule mzee alipanda jukwaani. Mfupi, kofia kichwani, msaidizi wake nyuma amembebea kikombe chenye kifuniko. Alizungumza Kichina na mwanamke mmoja akafasiri kwa Kifaransa, vizuri, bila kupandisha wala kushusha sauti. Alieleza habari za mwanga na za rangi ya udongo. Watu waliandika. Kisha wakaruhusu maswali, na shemeji akasimama kabla sijamshika koti. Alihutubia. Alianza na salamu za chama, akapita katika urafiki wa watu wa dunia, akafika kwa marehemu ndugu yake, "mhudumu wa kwanza wa sanaa yako, mheshimiwa, pembezoni mwa Ziwa Tanganyika." Watu walikohoa. Akateremka hadi mbele, akampa kifurushi na picha. Yule mzee aliishika picha ya mume wangu, akatabasamu kuelekea simu ya shemeji, akampa msaidizi. Msaidizi aliiweka chini ya meza.

Niliomba maikrofoni. Sijawahi kuishika maishani. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Niliuliza kwa Kifaransa changu: "Bwana, kwa nini anampa maji?"

Mfasiri alimnong'oneza. Alijibu mara moja, kama mtu aliyejibu hilo katika miji mingi.

"Anasema kila anayetazama ana jibu lake."

"Sikumwuliza jibu langu. Namwuliza lake yeye."

Watu wengine walicheka kidogo. Mfasiri alisita, akamwambia. Yule mzee alinitazama, akatazama nguo zangu, akanyanyua kikombe akanywa. Mwenye kuongoza mazungumzo alisema ahsante sana mama, swali lingine, na mtu akanichukulia maikrofoni mkononi.

Nje shemeji alikuwa ananingoja mlangoni.

"Umenipatisha haya mbele ya Wazungu na Bachina! Muntu ameshika photo, ametabasamu, ilikuwa imeisha! Sasa swali ya maji ilitokea wapi?"

"Ulisoma maandishi?"

"Nilikuwa napanga discours yangu, maneno ya kumuambia mzee."

"Mume hakurudi. Yule ni mwenye kuziba shimo."

"Alirudi. Kila muntu anajua alirudi." Akaangalia simu yake. "Picha imetoka muzuri."

Nilimwacha hapo, nikarudi ndani. Ukumbi ulikuwa unafagiliwa. Nilimwambia yule msaidizi nimekuja kuchukua picha ya mume wangu. Aliitoa chini ya meza, akaipangusa kwa mkono, akanipa kwa mikono miwili. Kitambaa niliwaachia.

Nyumbani sikuvua hata koti. Nilitoa daftari la mume wangu katika droo na kwenda kurasa za mwanzo kabisa, za mwaka tuliofika, wakati mwandiko wake ulikuwa bado unapanda mlima. Palikuwa pameandikwa: *contremaître*, mkubwa wa kazi. *Boucher*, kuziba. *Frapper*, kugonga. Chini yake, mstari mzima bila neno lolote.

Basi alijua. Alijua kabla ya farasi, kabla ya jenerali, kabla ya ugomvi wetu wa kwanza. Diski haikuwa imekwaruzika. Nilikaa na daftari magotini, na siwezi kudai kwamba nilihisi upendo. Nilihisi kama mtu aliyecheza karata miaka yote na mwenzake aliyekuwa anaona karata zake.

Siku ya kuvua weusi ilifika. Ukumbi wa Evere ulijaa. Dada za mume wangu walikuwa wamevaa kitenge kimoja cha kijani, na cha kwangu kilikuwa kimekunjwa juu ya meza, pembeni ya samaki. Baada ya sala shemeji alisimama, akanitazama kwa macho ya kuonya.

"Mke wa ndugu yetu. Mbele ya hawa watu, umebakia na neno na marehemu?"

"Nimebaki nalo," nikasema.

Mtu aliangusha kijiko. Niliendelea kabla hawajanikatiza. Niliwaeleza jinsi tulivyobishana, na jinsi alivyoniomba hospitali, na jinsi nilivyomnyima. Nikasema: "Alikuwa na haki. Yule mzee hajabadilika. Hilo namrudishia leo mbele yenu, na ninajuta kwamba hakulisikia." Nikawaeleza kwa nini, nikawapa mwisho wa filamu kama nilivyousoma.

Sikufika mbali. Mwanamume mmoja wa Liège, aliyecheza mpira na mume wangu utotoni, alisimama na kiti chake.

"Hapana, hapana, hapana! Mi nilikuwako! Bwana alirudi!"

"Alitobokea ngambo ingine!" akapaza sauti mama mmoja nyuma. "Mi nililia mpaka mama akanichapa juu ya macho mekundu!"

"Wewe uliuzaka mikate tu mlangoni," mwingine akasema. "Utajua filamu kutushinda?"

"Nimesoma maandishi kwa macho yangu," nikasema.

"Maandishi ya Wazungu!"

Shemeji alinyoosha mikono kwao kama mchungaji. "Munaona? Munaona vile iko? Anataka kuua bwana ya ule mwanamuke, na ndugu yangu anamuua mara ya pili!"

Walikuwa wananichukia kabisa, niliona. Nilikuwa nimeingia katika ule ukumbi wa mabati ulioungua na kuuchoma tena. Lakini nilikuwa sijamaliza, nikapandisha sauti, jambo nisilolizoea.

"Ni marehemu aliyetuambia alirudi. Kule alikuwa hajui, sina neno na hilo. Lakini hapa alijua. Aliandika kwa mkono wake. Akaniacha nibishane naye miaka yote kama juu ya barua ambayo yeye alikuwa ameisoma na mimi nimefichwa. Neno moja tu angesema. Sijui kama alinihurumia au alinidharau. Najiuliza kila siku, na yeye hawezi kunijibu. Mnataka niseme sina neno naye. Ninalo."

Kisha shangazi ya mume wangu, mzee kuliko wote, ambaye masikio yake si mazuri, aligonga meza kwa uma.

"Mambo ya Bachina mi sijasikia. Nauliza moja. Iko neno ao hakuna?"

"Iko, maman."

"Basi nguo ibakie."

"Maman!" shemeji akalia. "Chakula ilipikwa! Tutaita hii nini sasa? Kilio ao furaha?"

"Tutaita samaki," shangazi akasema. "Iko napoa."

Walikula. Nami nilikula, peke yangu upande wangu wa meza, weusi katikati ya kijani. Yule wa Liège aliwasimulia vijana filamu yote tangu mwanzo, na alipofika kizingitini alishusha sauti kama mume wangu, na vijana wakanyamaza. Sikumkatiza. Alijua kwamba nasikia, na alisimulia kwa nguvu zaidi.

Shemeji hanisalimii tena dukani, ila hupiga simu kila mwisho wa mwezi, kwa sababu dada zake wanamsumbua na kile kitenge cha kijani bado kinaningoja. Hasemi habari gani.

"Alors, shemeji. Umemaliza na mume wako?"

"Bado," namwambia, naye anakata.